Kufuata Reli ya Mlima: Mombasa hadi Kisumu, kisha Timboroa

Reli ya geji ya mita, yaani yenye mita moja kati ya fito zake mbili za chuma, kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria inaweza kufuatwa kwa barabara karibu mwendo wote. Kati ya Mombasa na Nairobi abiria sasa wanabebwa na SGR, reli mpya yenye geji pana zaidi, kwa hiyo njia ya zamani unaifuata kwa gari na kushuka stesheni moja baada ya nyingine. Baada ya Nairobi reli na barabara huachana na kukutana tena mara nyingi, na kuna mahali inabidi kutembea.

Kabla ya kuondoka, shika hesabu moja. Fito za kwanza zilikuwa za ratili 50 kwa yadi, karibu kilo 25 kwa mita. Fito nyembamba hivyo, juu ya mataruma ya chuma na kokoto kidogo, hubeba tani 11 au 12 kwa kila ekseli, yaani mhimili wenye gurudumu kila upande, na si zaidi ya hapo. Injini nayo haipandi mlima kwa nguvu ya boila, tangi linalochemsha maji yawe mvuke, peke yake. Hupanda kwa uzito uliokaa juu ya magurudumu ya kuvutia, maana bila uzito magurudumu hayashiki fito. Ukitaka kuvuta zaidi, ongeza ekseli. Mambo mengi utakayoyaona njiani, tangu injini zilizoagizwa hadi stesheni zilikojengwa, yanatokana na mvutano huo kati ya mlima na fito.

Siku ya 1: Mombasa – Mazeras – Voi

George Whitehouse, mhandisi mkuu, alifika Mombasa Desemba 1895, na fito za kwanza za njia kuu zilianza kulazwa 1896. Geji ya mita ilichaguliwa kwa sababu ya kazi: injini, mabehewa na mafundi wenye uzoefu walipatikana India, na India geji hiyo ilikuwa imeshazoeleka.

Mtu aliyezoea kusikia habari za Bonde la Ufa hushangaa kwamba mlima unaanza mara tu unapotoka kisiwani. Treni inatoka usawa wa bahari na kupanda bila kupata mahali pa kukusanya mwendo. Mazeras njia inazunguka duara zima na kupita juu yake yenyewe. Kazi ya duara hilo ni kurefusha njia: kimo ni kilekile, lakini kikigawanywa kwenye mita nyingi zaidi mwinuko unapungua. Simama penye daraja la duara uangalie fito za chini na za juu, utaona kimo kilichopatikana kwa mzunguko mmoja.

Baada ya Mazeras ni nyika ya Taru. Hapa tatizo lilikuwa maji. Wakati wa ujenzi yaliletwa kwa treni, na enzi yote ya mvuke ratiba ilipangwa kwa kuangalia matangi. Voi, kwenye mita 560 hivi, palikuwa mahali pa kutunzia injini, na wakati wa Vita vya Kwanza tawi la Taveta lilianzia hapo.

Siku ya 2: Voi – Tsavo – Nairobi

Tsavo inajulikana kwa simba wa 1898 waliokula wajenzi wa reli, na habari zao zimeshasimuliwa vya kutosha. Kwa anayetaka kuelewa uendeshaji wa reli, daraja la kuangalia zaidi ni la Ngai Ndethya. Januari 1993 mafuriko yaliling'oa daraja hilo usiku, treni ya abiria ikaingia mtoni, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mito ya huku hukaa mikavu miezi mingi, kisha hujaa kwa saa chache kutokana na mvua iliyonyesha mbali, ambayo dereva hakuiona. Maji huchimba mchanga chini ya nguzo, na daraja linaweza kuonekana zima kwa juu ilhali msingi umeshakwenda. Ndiyo maana msimu wa mvua watu wa doria huhitajika kutembea njia mbele ya treni, na mwendo hupunguzwa hata kama fito hazina kasoro yoyote ya kuonekana.

Fito zilifika Nairobi Mei 1899, kwenye mita 1,660 hivi. Mahali palichaguliwa kwa kuwa ni uwanda wa mwisho wenye maji kabla ya mlima kuwa mkali. Karakana na njia za kupanga mabehewa haziwezi kujengwa kwenye mteremko.

Nenda Makumbusho ya Reli, na uanze na injini nambari 5918, Mount Gelai. Ni ya daraja la 59. Injini 34 za aina hii zilitengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester, zikaletwa 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake ni tani 252 hivi, urefu zaidi ya mita 31. Ni injini ya muundo wa Garratt: mashine mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na magurudumu yake, na katikati fremu iliyobeba boila ikiegemea pini za egemeo kwenye mashine hizo. Kwenye kona kila mashine hujipinda upande wake na boila hukaa kama daraja kati yao.

Inama uangalie chini ya boila. Hakuna gurudumu hata moja. Ndiyo siri ya muundo huu kwa reli nyembamba: kwa kuwa magurudumu hayapo, boila inaweza kuwa pana na tanuru likashuka chini. Kipenyo cha boila hii ni futi 7 na inchi 6, yaani zaidi ya mara mbili ya upana wa reli inayoikanyaga. Nguvu ya mvuto ni ratili 83,350, kama tani 38. Ekseli nane za kuvutia zinabeba tani 21 kila moja, na hapo ndipo unaona gharama: haikuweza kukanyaga fito za ratili 50. Ilibidi njia ya Mombasa hadi Nairobi iwekewe fito nzito kwanza.

Kwenye mwinuko wa asilimia 1.5 injini hii ilipewa mzigo wa tani 1,200. Kwenye karatasi ingeweza zaidi. Lakini treni ikisimama kwenye kona ya mlima lazima iweze kuondoka tena, na kuondoka kunadai mvuto mkubwa kuliko kuendelea kutembea. Mzigo huhesabiwa kwa mahali pabaya kabisa pa njia, na hali mbaya kabisa ya siku.

Nyuma ya injini liliungwa behewa la kulala wafanyakazi. Timu mbili zilisafiri pamoja, moja kazini na nyingine imelala, zikapokezana. Hivyo injini ilikwenda Mombasa na kurudi bila kungoja watu kupumzika.

Siku ya 3: Nairobi – Uplands – Naivasha

Leo usiharakishe. Kutoka Nairobi njia inapanda mfululizo kupita Kikuyu na Limuru hadi Uplands, kwenye mita 2,340 hivi. Mwinuko mkali ni wa 1 kwa 50, yaani asilimia 2. Kila tani ya treni kwenye mwinuko huo inadai kilo 20 za mvuto kwa kupanda tu. Ongeza kilo 4 au 5 za msuguano na kona, zinakuwa 25 kwa hesabu ya haraka. Chukua injini ya daraja la 60 ya 1954, Garratt nyepesi ya tani 11 kwa ekseli iliyotengenezwa kwa ajili ya fito za zamani. Mvuto wake ni ratili 43,520, karibu kilo 19,700. Gawa kwa 25: tani 790, na humo umo uzito wa injini yenyewe. Kinachobaki kwa mabehewa ni tani 600 na ushee, na reli ikilowa ni chini ya hapo.

Mzigo ukizidi au magurudumu yakianza kuteleza, njia iliyobaki ni kukata treni. Gadi, mfanyakazi anayesimamia nyuma ya treni, anafunga breki za mkono kwenye mabehewa ya nyuma na kuweka kabari chini ya magurudumu. Ni hapo tu ndipo kiungo kinafunguliwa, na si kabla. Injini inapeleka nusu ya kwanza hadi stesheni ya mbele, inaiacha kwenye njia ya kupishana, inarudi kuchukua nusu ya pili. Wakati wote huo sehemu ya njia inahesabiwa kuwa na treni. Stesheni masta haruhusiwi kutoa kibali kwa treni nyingine mpaka behewa la mwisho lenye taa ya nyuma limeonekana likiingia. Treni moja iliyokatwa huweza kuchelewesha reli nzima kwa siku, kwa kuwa njia ni moja. Mpangaji aliyepunguza tani 50 Nairobi mara nyingi alifikisha mzigo mwingi zaidi Nakuru kuliko aliyejaza.

Kisha unafika ukingoni, na bonde liko chini yako. Mwaka 1899 mafundi walifika hapa wakiwa na shida: njia ya kudumu ilihitaji madaraja manane marefu ya chuma, na vyuma vilikuwa bado. Kungoja kungesimamisha kazi yote. Wakajenga njia ya muda ya kushusha mabehewa kwa kamba ya chuma, ngazi nne moja baada ya nyingine, kwa kimo cha karibu mita 450. Ngazi za katikati zilikuwa kali kiasi cha mita 1 kwa kila mita 2. Behewa halikuweza kushuka hapo kwa magurudumu yake, kwa sababu shehena ingemwagika. Lilisukumwa juu ya jukwaa la kubebea lililotembea kwenye fito zake pana za futi 5 na inchi 6, lenye umbo la kabari ili sakafu ibaki mlalo hata kwenye mteremko. Kamba ilizungushwa kwenye pipa kubwa huko juu: jukwaa lenye mzigo likishuka, lililo tupu linapanda, na breki ya pipa ndiyo inayoamua mwendo. Hata injini zilishushwa hivyo.

Mpango huo unastahili heshima kubwa kuliko madaraja yaliyoufuata. Fito, mataruma na chakula cha wafanyakazi vilipita, na kazi ikasonga hadi Naivasha na Nakuru bila kungoja chuma cha madaraja. Njia ya kudumu ilifunguliwa 1901, na kamba zikaondolewa. Katika miaka ya 1940 sehemu hii ilichorwa upya, kwa hiyo treni za leo hazipiti pale pale zilipopita za kwanza.

Hapa pia pana hatari ambayo haihusu treni peke yake. Tuta la reli linalokatiza korongo ni ukuta, na kalvati iliyo chini yake ndiyo mlango pekee wa maji. Magogo, mawe na matope yakiziba mlango huo, nyuma ya tuta hujaa ziwa. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa hivyo huko Old Kijabe yalipasua na kushuka hadi Mai Mahiu, na zaidi ya watu 40 wakafa. Kusafisha midomo ya kalvati kabla ya mvua ndefu ni kazi ya koleo na mikono, isiyo na sifa, na kwenye reli ya mlima ni kazi ya kwanza.

Siku ya 4: Naivasha – Gilgil – Nakuru

Sakafu ya bonde. Njia inanyooka, inapanda kidogo kufika Gilgil kwenye mita 2,000 hivi, kisha inashuka hadi Nakuru, mita 1,850. Treni zilitumia sehemu hii kufidia muda uliopotea ukingoni.

Nakuru ndiyo njia panda ya uendeshaji wote wa magharibi. Upande mmoja ni njia ya zamani ya Kisumu, upande wa pili ile ya Eldoret na Uganda iliyojengwa kuanzia 1921. Hapa injini zilibadilishwa, zikajazwa maji, moto, na mchanga wa kumwaga juu ya fito zinapoteleza. Kwa miongo mingi moto ulikuwa wa kuni, na shirika lilipanda mikaratusi kando ya njia kwa ajili hiyo. Kuni hutoa joto dogo kwa uzito wake na cheche nyingi. Baada ya Vita vya Pili injini ziligeuzwa kutumia mafuta mazito, na kwenye mlima faida ilionekana mara moja: mchochea moto alipata kuongeza joto kwa kufungua vali pale mwinuko unapoanza, badala ya kupanga kuni robo saa kabla.

Siku ya 5: Nakuru – Molo – Mau Summit – Londiani

Kutoka Nakuru hadi kilele cha Mau ni kilomita 65 hivi, na treni inapanda karibu mita 690, kupita Njoro, Elburgon na Molo. Kilele kiko mita 2,537. Asubuhi kuna ukungu, na fito zilizolowa kidogo huteleza kuliko zilizooshwa na mvua kubwa, kwa kuwa unyevu mdogo huchanganyika na vumbi na grisi ukawa utando. Majani na viwavi waliosagwa huleta shida hiyohiyo. Dawa ni mchanga mkavu. Ukiwa na unyevu unaganda kwenye mabomba, na dereva anagundua hivyo wakati ule ule anapouhitaji.

Garratt ina udhaifu wake hapa. Maji na mafuta yamewekwa juu ya mashine zenyewe, hivyo kadiri safari inavyosonga, uzito juu ya magurudumu ya kuvutia unapungua. Injini iliyoshika vizuri ikitoka Nakuru huweza kuteleza karibu na kilele ikiwa na mzigo uleule.

Hatari kubwa zaidi iko kileleni. Injini ikipanda chimney ikiwa mbele, maji ya boila hulalia upande wa tanuru, na kioo cha maji huonyesha maji mengi kuliko yaliyopo. Ikivuka kilele na kuinama mbele, maji hukimbilia chimney. Dari ya tanuru ikibaki kavu juu ya moto, chuma hulainika. Kwa hiyo dereva hujaza maji mapema, hata kama kujaza kunapunguza mvuke anaouhitaji kumalizia mlima. Mtu wa mvuke hupimwa kwa dakika hizo: maji ya kutosha kuvuka, mvuke wa kutosha kufika. Akikosea, plagi yenye kiini cha madini ya risasi kwenye dari huyeyuka, mvuke humwagika ndani ya tanuru na safari inaishia hapo. Plagi imewekwa ili boila isipasuke.

Panapo kona karibu na Londiani, mahali salama na pasipo treni, tazama fito kwa karibu. Ya nje imelika ubavuni kwa ndani, inang'aa kama kisu kilichonolewa: ni mdomo wa gurudumu unaosugua. Ya ndani imebonyezwa kichwani, chuma kimetandaa. Fito ya nje huinuliwa ili kusaidia treni kugeuka, lakini kuinuliwa huko kunafaa mwendo mmoja tu. Treni inayopanda polepole na mzigo hulalia fito ya ndani na kuiponda. Inayoshuka haraka husukuma ya nje. Kwenye njia moja inayotumiwa pande zote mbili, fundi wa njia huchagua kimo cha katikati na kukubali kubadilisha fito za kona mapema.

Siku ya 6: Londiani – Kipkelion – Muhoroni – Kisumu

Kutoka kileleni hadi ziwani ni kilomita 150 hivi, na kimo kinachoachwa ni mita 1,400. Treni ya tani 500 ikishuka hivyo huachilia nishati ya kilowatisaa 1,900 hivi, na karibu yote huishia kwenye msuguano wa breki na magurudumu.

Breki za upepo hufanya kazi kwa kupunguza mgandamizo kwenye bomba kuu. Kila behewa lina tangi lake dogo linalosukuma breki. Ili kulegeza, dereva hujaza bomba tena, na tangi hujaa polepole. Anayekanyaga na kulegeza mara kwa mara bila kungoja hujikuta matangi yamepungua kote, na mara ya nne au ya tano hakuna kinachoshika. Kanuni ni kuanza mteremko polepole, kushika mapema na kidogo, na kusimama katikati ili magurudumu yapoe. Breki hujaribiwa kileleni, behewa kwa behewa, kabla ya kuondoka. Gharama ya breki isiyotegemewa kwenye mlima ilionekana Tanzania Juni 24, 2002: treni ya abiria iliyosimama mlimani karibu na Igandu, Dodoma, ilirudi nyuma kwa kilomita nyingi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Madaraja ya upande huu wa Mau yalikuwa 27, yakatengenezwa na kusimamishwa na American Bridge Company ya Marekani. Mabonde ni mengi, udongo hujaa maji, na tuta la udongo kama huo huteleza. Nguzo za chuma zilikuwa jibu la haraka. Lakini daraja lina kikomo chake cha uzito kwa ekseli, na hicho pia kiliifunga njia ya Kisumu kwenye injini nyepesi.

Kuelekea Muhoroni na Kibigori unapita pembezoni mwa nchi ya Wanandi. Chini ya Koitalel arap Samoei walipinga reli kwa miaka, wakichukua waya za simu na bolti za fito. Bila simu, stesheni mbili haziwezi kupeana kibali cha njia, na treni husimama hata kama fito ni nzima. Koitalel aliuawa Oktoba 1905.

Fito zilifika ziwani Desemba 1901, Port Florence, ambayo ndiyo Kisumu. Meli William Mackinnon ililetwa kwa vipande na kuungwa hapo, na kwa miongo mitatu shehena ya Uganda ilihamishwa kwa mikono kutoka behewani hadi melini. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilifufuliwa Desemba 2021.

Siku ya 7: Nakuru – Timboroa

Njia ya Eldoret inapita Rongai, Maji Mazuri na Makutano, inavuka Ikweta kwenye stesheni yenye jina hilo, na kufika Timboroa. Kilele kiko futi 9,136, mita 2,785. Njia ilifika Eldoret 1924 na Kampala 1931. Tangu hapo shehena ya Uganda ilipanda huku badala ya kushukia Kisumu.

Mzigo huo ulidai injini mpya. Mallet 18 za kabla ya Vita vya Kwanza, injini zenye seti mbili za magurudumu ya kuvutia chini ya boila moja, zilikuwa jaribio la mwanzo la kuongeza ekseli. Garratt za kwanza zilikuja 1926. Mwaka 1939 ikaja ile iliyoitwa EC3, baadaye daraja la 57, yenye ekseli 16 na chini ya tani 12 kwa kila moja: Garratt kubwa juu ya fito za ratili 50. Kuanzia 1960 dizeli zilichukua njia hii kabla ya Mombasa, kwa sababu mlima ndio uliokuwa ukila mvuke zaidi. Dizeli nayo hupumua hewa, na kwenye kimo hiki hewa ni pungufu kwa karibu robo. Bila kipuliza hewa injini ingepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake pale pale inapohitajika. Faida yake ni kushuka. Breki ya umeme hugeuza mota za kuvutia kuwa jenereta na kutupa joto hewani, magurudumu yakabaki baridi.

SGR ilifika Suswa, karibu na Naivasha, 2019, ikipita ukingo wa bonde kwa mahandaki, likiwamo la Ngong la kilomita 4.5. Haikuendelea zaidi wakati huo. Ikajengwa njia ya kuunganisha ya kilomita 23.5 hadi Longonot, na geji ya mita kutoka Longonot hadi Malaba, kilomita 465, ikakarabatiwa. Kontena la Kampala linalokuja kwa SGR likishushwa Naivasha bado linapakiwa kwenye behewa la geji ya mita, na treni yake inapangwa kwa mzigo ambao injini inaweza kuondoka nao, ikiwa imesimama, kwenye mwinuko mkali kabisa kabla ya Timboroa.